Mwanza hadi Bukoba: Kwa nini kilometa 175 za angani huwa 400 barabarani

MSAFIRI anayesimama kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza na kunyoosha mkono kuelekea kaskazini magharibi, huwa ameionyesha Bukoba bila kukosea. Baina yake na mji huo hakuna mlima wala jangwa. Kuna maji, visiwa na upeo wa macho.

Ukichukua rula na kuilaza juu ya ramani, utakuta kwamba kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi ule wa Bukoba ni takribani kilometa 175. Kwa barabara ya lami iliyonyooka, huo ni umbali ambao gari dogo lingeumaliza kwa muda wa saa mbili na ushei.

Lakini abiria anayepanda basi la Bukoba katika Stendi ya Nyegezi alfajiri hufanya jambo linaloweza kumshangaza mgeni. Safari yake ya kwenda kaskazini huanza kwa kwenda kusini. Basi huupa mgongo mji linakokwenda, likashuka hadi Usagara, likageuka magharibi na kuvuka Ghuba ya Mwanza, likapita Sengerema na Geita, na ndipo linapoanza kupanda kaskazini kuingia Mkoa wa Kagera. Hadi linapofika Bukoba, huwa limekata karibu kilometa 400.

Tofauti hiyo ya zaidi ya kilometa 200 haikuletwa na uzembe wa wahandisi. Imeletwa na ziwa. Kwa miaka mingi wakazi wa pande zote mbili wameilipia kwa muda wao, kwa fedha zao, na mara kadhaa kwa maisha yao.

Ndiyo maana swali linaloonekana jepesi, kwamba kutoka Mwanza hadi Bukoba ni mbali kiasi gani, halina jibu moja. Jibu hutegemea kama anayeuliza anakwenda kwa ndege, kwa gari au kwa meli. Hutegemea pia jambo ambalo ramani haiwezi kulionyesha, nalo ni muda ambao msafiri atautumia akiwa amesimama tu, akisubiri.

Rula na usukani

Umbali kati ya miji miwili hupimwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ambao ndio hukaribiana zaidi na njia ya ndege. Namna ya pili ni ya barabara, ambayo hufuata mabonde, madaraja, vijiji na mipaka ya maji. Barabara daima huwa ndefu kuliko mstari. Linalotofautiana ni kiasi.

Mfano mzuri ni safari ambayo wakazi wengi wa Mwanza wanaifahamu, ile ya Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka, majiji hayo mawili yametengana kwa takribani kilometa 850. Kwa barabara inayopita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ni kilometa 1,150 hivi. Maana yake ni kwamba kwa kila kilometa moja ya ndege, basi hukata kilometa 1.35. Kwa nchi yenye mabonde na milima, huo si mzunguko mkubwa.

Safari ya Musoma inapinda zaidi kidogo, kwa kuwa barabara hulazimika kuizunguka Ghuba ya Speke kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Kwa ndege ni takribani kilometa 140, na kwa gari ni kama kilometa 220. Hapo kila kilometa ya anga inalipiwa kwa kilometa 1.6 ya lami.

Kwa Bukoba hali ni tofauti kabisa. Ukigawa 400 kwa 175 unapata karibu 2.3. Msafiri wa gari anakwenda zaidi ya mara mbili ya umbali halisi, kwa sababu sehemu kubwa ya mstari ulionyooka iko juu ya maji, na barabara haina budi kuufuata ufukwe wa kusini na wa magharibi wa ziwa.

Kuna ulinganisho mwingine unaoeleza mengi kuhusu maisha ya mji wa Bukoba. Kwa mstari ulionyooka, Mwanza iko karibu zaidi na Bukoba kuliko Kampala, ambayo iko umbali wa kilometa 200 hivi. Kwa barabara mambo yanageuka. Kutoka Bukoba hadi Mutukula mpakani, kisha Masaka na Kampala, ni takribani kilometa 300. Kwa mwenye gari, mji mkuu wa nchi jirani uko karibu kuliko jiji kuu la kanda yake mwenyewe.

Haishangazi, basi, kwamba kwa miaka mingi baadhi ya wafanyabiashara wa Kagera wameizoea njia ya Uganda kuliko njia ya Mwanza. Mtu hufuata barabara iliyopo, hafuati rula.

Dakika 21 za angani

Njia ya mkato kuliko zote ni ya anga. Ndege zinazotua Bukoba ni zile za mapangaboi, zenye uwezo wa kubeba abiria kati ya 40 na 80 hivi. Ndege kubwa zaidi za injini za jeti, ambazo hutua Mwanza, hazitumii uwanja wa Bukoba, ambao njia yake ya kurukia ni fupi na upande wake mmoja unaishia karibu na ziwa.

Ndege ya aina hiyo ikiwa imeshika kasi yake angani huenda takribani kilometa 500 kwa saa. Kwa hesabu za darasani, kilometa 175 zingeisha kwa dakika 21. Hata hivyo, hakuna ndege inayoruka kwa kasi hiyo tangu inapoacha ardhi hadi inapogusa ardhi. Lazima iondoke kwenye maegesho, ijipange, ipande taratibu, ishuke taratibu, na pengine izunguke ili kuukabili uwanja kwa upande unaofaa kulingana na upepo. Ndiyo maana safari hiyo huhesabiwa kuwa ya dakika 30 hadi 45.

Nayo si safari yote. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa katikati ya jiji, na abiria anatakiwa kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi wa tiketi na mizigo. Akijumlisha muda wa kutoka nyumbani, wa kukaguliwa, wa kusubiri kuitwa, wa kuruka na wa kuchukua begi lake, msafiri wa ndege hutumia kama saa tatu kutoka mlangoni kwake Mwanza hadi mlangoni kwa mwenyeji wake Bukoba. Dakika 21 za darasani zimekuwa saa tatu za maisha.

Bado hizo ni saa chache kuliko za njia nyingine yoyote. Lakini ndege ina bwana wake, naye ni hali ya hewa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali yake yenyewe ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani, na mawingu hujikusanya juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Hewa hiyo ikikutana hupanda juu, ikazaa mawingu mazito ya radi.

Kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu huvuma kutoka mashariki, mawingu yaliyozaliwa ziwani usiku husukumwa kwenda magharibi na kufika ufukwe wa Kagera alfajiri au asubuhi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya Bukoba kuwa miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza.

Kwa hiyo abiria wa Mwanza anaweza kuamka kwenye anga nyeupe isiyo na doa, akafika uwanjani kwa wakati, kisha akaelezwa kwamba Bukoba kuna mvua na ndege haiwezi kuondoka. Anaweza hata kufika juu ya Bukoba, akaiona mvua kupitia dirishani, na kurudishwa Mwanza. Wapo wanaolalamika. Wanaokumbuka Novemba 6, 2022 hawalalamiki sana.

Asubuhi ya siku hiyo ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilianguka ziwani ikiwa mita mia chache tu kabla ya kuufikia uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha na 24 walinusurika. Wa kwanza kufika kuwaokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Barabara na foleni ya kivukoni

Njia ya pili, ambayo hutumiwa na watu wengi zaidi, ni barabara. Sheria ya usalama barabarani huyataka mabasi yasizidi kilometa 80 kwa saa, na 50 yanapopita katika makazi ya watu. Kama basi lingeweza kwenda 80 bila kusimama hata mara moja, kilometa 400 zingeisha kwa saa tano.

Lakini njiani kuna Sengerema, Geita, Katoro na Muleba, miji yenye watu wengi na masoko yanayofika hadi kando ya lami. Kuna mizani, vituo vya polisi, abiria wa kushuka na wa kupanda, na mapumziko ya chakula. Basi linaloondoka Nyegezi saa 12 asubuhi likifika Bukoba saa 8 mchana huwa limekwenda vizuri, kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa. Umbali wenyewe huongezeka au kupungua kidogo kutegemea kama dereva amepitia Chato au Biharamulo.

Hizo ni hesabu za leo. Kwa miaka mingi zilikuwa haziwezekani, kwa sababu mbele ya Usagara kulikuwa na Kigongo.

Ghuba ya Mwanza ni ulimi wa ziwa ulioingia kusini katika nchi kavu kwa makumi ya kilometa. Upande wake wa mashariki kuna Kigongo, na wa magharibi kuna Busisi. Baina ya sehemu hizo mbili kuna maji ya upana wa kilometa tatu hivi, na hadi mwaka 2025 njia ya magari kupita hapo ilikuwa vivuko vilivyoendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA.

Kuvuka kwenyewe hakukuwa kwa muda mrefu. Tatizo lilikuwa kabla ya kuvuka. Basi lilijipanga nyuma ya malori, malori nyuma ya magari madogo. Kivuko kimoja kikiharibika, foleni iliongezeka. Upepo ukivuma kwa nguvu, kivuko kilisimama. Magugu maji yakitanda ghubani, kivuko kilikwama. Abiria walishuka, wakanunua samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma, wakaangalia ng'ambo wanakokwenda, na wakasubiri.

Aliyeshindwa kusubiri aliweza kuzunguka ghuba yote kwa gari kupitia Shinyanga na Kahama, na hivyo kuirefusha safari ambayo tayari ilikuwa ndefu mara mbili.

Desemba 7, 2019, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi. Ujenzi ulifanywa na kampuni za China kwa gharama ya zaidi ya Sh bilioni 700, na Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua likiwa na jina la mtangulizi wake, aliyefariki dunia Machi 17, 2021. Daraja hilo la urefu wa takribani kilometa tatu na upana wa mita 28.45 ndilo refu kuliko yote katika Afrika Mashariki na Kati.

Hesabu ya daraja hilo inafundisha jambo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hulivuka kwa chini ya dakika nne. Kabla ya hapo, kusubiri na kuvuka kuliweza kuchukua saa mbili, na siku mbaya zaidi ya hapo. Lakini idadi ya kilometa haikubadilika. Maji yalikuwa na upana wa kilometa tatu, na daraja lina urefu wa kilometa tatu. Rula ya mwanafunzi aliyepima mwaka 2019 na ya anayepima leo zitasoma sawa.

Kilichopungua, basi, si umbali. Kimepungua kitu ambacho msafiri hukichukia kuliko umbali, nacho ni kutojua. Mtu anaweza kuipangilia safari ya saa nane. Hawezi kuipangilia safari ambayo leo ni ya saa nane na kesho ni ya saa kumi na mbili.

Daraja si badiliko pekee. Wakongwe wa njia hii wanakumbuka miaka ambayo sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya vumbi, na mabasi yalipita katika misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Basi lililofika mapema lilisubiri msafara. Basi lililochelewa lililala.

Vilevile, kwa zaidi ya miongo miwili mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, hivyo basi lililocheleweshwa njiani lililazimika kuwalaza abiria wake popote saa zilipolikutia. Oktoba 2023 Serikali iliruhusu tena safari za mabasi kwa saa 24. Kila kizuizi kilichoondolewa, kiwe cha vumbi, cha msafara, cha usiku au cha kivuko, kimeileta Bukoba karibu zaidi bila kuisogeza hata hatua moja.

Meli ya usiku

Njia ya tatu ndiyo kongwe, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopendwa. Meli haizunguki ziwa, hulikata. Ikitoka bandari ya Mwanza na kupita visiwa, huelekea kaskazini magharibi hadi Bukoba, mara nyingi kwa kugusa kwanza bandari ya Kemondo iliyo kusini mwa mji huo.

Umbali wa majini haupiti sana ule wa ndege, lakini kasi ni ndogo. Meli inayokwenda kilometa 20 hadi 25 kwa saa huhitaji muda wa saa nane au tisa, bila kuhesabu muda wa kupakia na kupakua. Ndiyo sababu ilizoeleka iwe safari ya usiku. Abiria hupanda jioni, hulala, na huamkia ng'ambo. Kwa mwenye mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa au dagaa, hakuna chombo kingine kinachobeba uzito mkubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Hata hivyo, hakuna mkazi wa Kanda ya Ziwa anayeweza kuizungumzia njia hiyo bila kukumbuka Mei 21, 1996. Usiku wa kuamkia siku hiyo meli ya mv Bukoba ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo na kuelekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini ilikuwa imebeba watu wengi kuliko hao. Asubuhi, ikiwa karibu na Bwiru, mji wa Mwanza ukiwa mbele yake, ilipinduka na kuzama. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha.

Maswali mengi yaliulizwa kuhusu meli ile, nayo yalistahili kuulizwa. Lakini swali la kwa nini watu walijazana ndani yake lina jibu linalohusiana moja kwa moja na umbali. Mwaka 1996 barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa mbovu na ya hatari, na ndege ilikuwa ya wachache. Mwanafunzi, mgonjwa, mfanyabiashara na mtumishi wa umma wote walikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa ngazi ya meli.

Baada ya msiba huo njia hiyo ilihudumiwa na mv Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961 baada ya vipande vyake kuletwa kutoka Scotland na kuunganishwa Kisumu. Mwaka 2014 ilisimama kwa ubovu, na Bukoba ikabaki miaka sita bila huduma yake hadi ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini Agosti 2020. Februari 2023, meli mpya ya mv Mwanza, iliyojengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini jijini Mwanza.

Wanaosubiriwa Bugando

Kwa msafiri wa mapumziko, tofauti ya saa mbili tatu ni jambo la kuchosha tu. Kuna msafiri mwingine ambaye kwake hesabu hizi zina maana tofauti.

Juu ya kilima kimoja jijini Mwanza kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa zaidi ya nusu karne imekuwa ikipokea wagonjwa walioshindikana katika hospitali za mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakiwamo wale wa ng'ambo ya ghuba. Miongoni mwao ni wajawazito wanaotoka damu, watoto wanaohitaji upasuaji na majeruhi wa ajali za migodini Geita.

Mji wa Sengerema, kwa mstari ulionyooka, uko umbali wa kilometa 30 hivi tu kutoka Mwanza. Usiku wa manane, wakati kivuko kiko ng'ambo au kimefungwa gati, kilometa 30 hizo zilikuwa sawa na 300. Gari la wagonjwa lilifika Kigongo au Busisi likiwa na taa zake zinazowaka, likasimama mbele ya maji. Siku hizi gari hilo hupita bila kupunguza mwendo. Kwa aliyelazwa ndani yake, daraja si fahari ya taifa wala rekodi ya Afrika Mashariki. Ni saa mbili alizorudishiwa.

Kwa wagonjwa wa Kagera mambo yamekuwa nafuu zaidi pia kwa kuwapo kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, ambayo imewasogezea huduma ambazo zamani walizifuata Mwanza. Hiyo nayo ni namna ya kupunguza umbali, pengine iliyo bora kuliko zote, yaani kumwondolea mtu ulazima wa kusafiri.

Ipi ichaguliwe?

Msafiri wa leo anayetaka kwenda Bukoba ana hesabu rahisi ya kufanya. Mwenye haraka na uwezo atachagua ndege, lakini asipange kikao cha asubuhi ile ile anayotua, kwa kuwa mvua ya ufukwe wa magharibi haisomi ratiba. Mwenye kutaka uhakika kwa nauli nafuu atachagua basi, na daraja limempa sababu zaidi ya kufanya hivyo. Mwenye mzigo mzito na usiku mmoja wa ziada atatazama kwanza bandarini kama kuna meli.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba leo anazo njia zaidi ya moja. Katika safari hii, usalama haujatokana tu na ubora wa chombo kimoja kimoja, bali umetokana pia na uwezo wa msafiri kukikataa. Aliye na barabara nzuri anaweza kuiona meli iliyojaa akageuka na kuondoka. Anayeambiwa kwamba anga ya Bukoba ni mbaya anaweza kwenda zake Nyegezi. Asiye na njia nyingine hupanda, hata kama moyo unamkataza.

Kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kilometa 175. Zilikuwa 175 mwaka 1996 na zitakuwa 175 baada ya miaka mia moja. Katika makaburi ya Igoma, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, wamelala wengi wa abiria wa mv Bukoba. Walikuwa wamezimaliza karibu zote. Walibakiza chache tu.